Kodi ya Nyumba Nayo ni Ushahidi

Mhariri,

Magazeti siku hizi yamejaa matangazo ya mikopo ya nyumba yenye riba chini ya asilimia 10, na picha ya familia inacheka mbele ya geti. Mimi ni karani wa mikopo katika Sacco ndogo, yaani chama cha akiba na mikopo, hapa Kisauni, Mombasa. Wanachama hunijia na tangazo limekunjwa mfukoni, wanauliza, "Na sisi tumo humu?" Wengi hawamo. Sababu inayotolewa kila mara ni kwamba hawana pesa, na kwa wengi wao hiyo si kweli.

Tuanze na hesabu. Mkopo wa shilingi milioni 2 wa miaka 20, kwa riba ya asilimia 15, hulipwa kama 26,300 kila mwezi. Kwa asilimia 9.5 unashuka hadi 18,600 hivi. Nafuu hiyo imetokana na KMRC, kampuni ya Kenya ya kufadhili mikopo ya nyumba, iliyoundwa 2018 na kuanza kukopesha 2020. Yenyewe haimkopeshi mwananchi. Huzipa benki na Sacco fedha za muda mrefu kwa bei ya chini, nazo ndizo zinazotukopesha. Ilipoanza ililenga wenye mapato yasiyozidi 150,000 kwa mwezi. Ni mpango mzuri, sina ugomvi nao. Hata hivyo mikopo ya nyumba nchi nzima ni kama 30,000 tu, na kwa wastani mkopo mmoja unapita milioni 9. Hapo utajua wanaokopa ni akina nani.

Mwenye mshahara mdogo bado ana mlango, ila mwembamba. Sheria ya Ajira inasema makato yote yasipite theluthi mbili ya mshahara. Anayelipwa 45,000, akishatozwa kodi ya mapato, NSSF (akiba ya uzeeni), bima ya afya na ushuru wa nyumba, zimekwenda kama 9,000. Theluthi mbili ya mshahara huo ni 30,000, kwa hiyo inabaki nafasi ya karibu 21,000, na mkopo wa milioni 2 unapenya kwa kubanwabanwa. Lakini kama tayari anakatwa 5,000 za mkopo wa karo, hapo mkopo huo haupati. Ndiyo maana huwaambia wanaotaka nyumba wamalize kwanza vimikopo vidogo, waache mikopo ya simu, na waangalie mapema jina lao CRB, zinakowekwa rekodi za wakopaji, badala ya kungoja kuaibishwa kaunta. Na wachache wanajua kwamba tangu 2020 mwanachama wa mfuko wa pensheni anaruhusiwa kutumia hadi asilimia 40 ya akiba yake, isizidi milioni 7, kununua nyumba ya kuishi. Malipo ya kwanza yanaweza kutoka humo.

Sasa njoo kwa mama anayeuza vitunguu soko la Kongowea. Huyu ni mwanachama wetu. Alfajiri anatuma pesa za magunia yanayotoka Tanzania. Kuanzia saa moja asubuhi zinaingia 300, 450, 1,200, hadi jioni. Ukijumlisha mwezi mzima, na ukitoa gharama ya mali, faida yake inazidi mshahara wa karani kama mimi. Alipeleka taarifa ya M-Pesa ya miezi sita kwenye benki moja mjini. Afisa akafungua ukurasa wa mwisho, akaona salio la shilingi 212, akamrudishia karatasi zake. Mfanyabiashara wa sokoni halazi pesa kwenye simu, anazilaza kwenye magunia! Salio dogo usiku ni dalili kwamba mali imenunuliwa.

Mama huyo analipa kodi ya nyumba anayopanga, 12,000 kwa mwezi, kwa paybill ya M-Pesa, na kila risiti anayo. Kwa asilimia 9.5 na miaka 20, fedha hiyo hiyo ingelipa mkopo wa karibu milioni 1.3. Kwa maneno mengine, anachoombwa athibitishe kwamba anaweza, anakifanya kila tarehe tano. Kinachomkosesha ni hati ya mshahara.

Na hapa ndipo ninapoona serikali inacheza pande mbili. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 inamtoza asilimia 1.5 hata asiyeajiriwa, kutoka kwenye mapato yake. Wakati wa kumtoza, mapato yake yapo na yanahesabika. Wakati wa kukopa yanageuka kuwa "hayathibitiki". Wachague moja.

Sisi watu wa Mombasa tuna mkosi wa pili. Majengo, Likoni, hata huku kwetu, kuna watu wenye nyumba za Kiswahili za vyumba sita, wanapangisha vitano na kuishi kimoja, lakini kiwanja ni cha mtu mwingine ambaye wanamlipa kodi ya ardhi tangu enzi za babu. Nyumba ni yao, ardhi si yao. Ukimpelekea mkopeshaji dhamana ya namna hiyo atakuuliza hati miliki, na hati iko kwenye jina la ukoo usioujua unaishi wapi. Hakuna riba nafuu itakayomsaidia mtu huyu mpaka kaunti na Wizara ya Ardhi wakae na wenye viwanja, wakubaliane bei, mwenye nyumba auziwe ardhi iliyo chini ya nyumba yake. Wapo pia wasiotaka riba kabisa. Tangu 2008 tuna benki zinazofuata sharia ya Kiislamu, na mpango wa benki na mteja kununua nyumba kwa ushirika, mteja akinunua fungu la benki kidogo kidogo, upo, lakini nako karatasi zinazodaiwa ni zile zile.

Simaanishi kila mtu akopeshwe. Mzee anayeishi kwa 2,000 za Inua Jamii, posho ya serikali ya kila mwezi, mkopo kwake ni kitanzi. Huyo anahitaji chumba cha kupanga cha bei ya chini kinachosimamiwa na umma. Na Sacco zetu nazo zina ukomo. Tunampa mwanachama mara tatu ya akiba yake, alipe kwa miaka minne au mitano. Kwa fedha hizo anajenga chumba, anapumzika, anajenga kingine. Nyumba inakamilika watoto wameshaoa.

Ninachoomba ni kidogo. Risiti za kodi ya nyumba ya kupanga za miaka mitatu, iliyolipwa kwa wakati, zihesabiwe kama hati ya mshahara inavyohesabiwa. Akiba ya Sacco na michango ya chama cha kuchangiana vitazamwe kama rekodi ya ulipaji. Na marejesho yafuate msimu: mfanyabiashara alipe zaidi Ramadhani na Desemba, alipe kidogo Januari, mradi jumla ya mwaka itimie.

Ningependa KMRC na wakopeshaji wake watujibu papa hapa kwenye gazeti. Mtu wa mkataba, ambao huenda usirefushwe, mnampokea kwa sababu ana hati ya mshahara. Aliyelipa kodi ya nyumba miaka mitatu bila kuchelewa, mnamkataa kwa kukosa nini?

Karani wa Mikopo,
Kisauni, Mombasa