Barua ya wazi kwa Kamanda wa Polisi Mkoa wa Dodoma: na sisi tusomewe daftari

Afande Kamanda, mbukwenyi.

Mimi ni mweka hazina wa kamati ya ulinzi shirikishi katika mtaa mmoja wa pembezoni mwa jiji. Kila mwezi napita nyumba kwa nyumba kukusanya mchango wa shilingi 2,000, na kila mkutano wa mtaa nasimama chini ya mbuyu kusoma hesabu: betri za tochi kiasi gani, posho ya vijana wa doria kiasi gani, nani anadaiwa. Mwaka jana nilikosea jumla kwa shilingi 14,000. Mama mmoja muuza vitumbua aliusimamisha mkutano mzima mpaka nikaenda nyumbani kuchukua risiti. Nilikasirika sana siku ile. Lakini mwezi uliofuata hata wale sugu walilipa.

Sasa daftari lako, Afande, tutasomewa lini?

Mwezi wa tatu nyumba nne za mtaa wetu ziling'olewa mita za maji usiku mmoja, na yangu ikiwamo. Tumeamka maji yanatiririka barabarani, katika mji huu ambao watu wanalala macho kusubiri zamu ya maji. Nikaenda kituoni. Kituo sikitaji, maana siandiki kumchongea mtu. Askari wa kaunta alikuwa mstaarabu, alichukua maelezo, akafungua RB, yaani akayaandika malalamiko kwenye kitabu cha kituo, namba yake akaniandikia kwenye kipande cha karatasi ya daftari la shule. Kisha akasema gari lipo ila mafuta hakuna, kama tungeweza kujichanga kidogo. Hatukujichanga. Nilirudi mara tatu. Mara ya kwanza jalada lilikuwa kwa mpelelezi. Mara ya pili mpelelezi alikuwa safarini. Mara ya tatu alikuwa amehamishwa, na jalada hakuna aliyejua liko wapi. Kile kipande cha karatasi bado nakitunza nyuma ya simu, ndani ya kava, na wino umeanza kuhamia kwenye plastiki.

Mwendo mfupi kutoka hapo, kila asubuhi, trafiki wanne wamesimama barabarani. Kazi yao ni halali, na bodaboda wetu wanakwisha kwa ajali. Ila mtu anayeona askari wanne mchana na asione doria hata moja usiku anajipigia hesabu mwenyewe. Anasema faini ya 30,000 ina namba ya malipo, mita ya maji haina. Huenda anakuonea. Huenda una sababu nzuri kabisa ya kuwagawa askari wako hivyo, pengine ni wachache kuliko tunavyodhani: sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika eneo la jiji hili, ya 2022 ikahesabu 765,179. Kama askari hawakuongezeka kwa mwendo huo, sema. Ukituambia wazi kwamba usiku kata nzima ina gari moja, tutajua tuongeze wapi vijana wetu wa doria. Tusipoambiwa, tunabaki na stori za vijiweni.

Najua makamanda wa mikoa huita waandishi wa habari na kutoa taarifa ya misako. Tunaziangalia. Madumu ya gongo, magunia ya bangi, pikipiki zimepangwa mstari. Hizo ni mali zilizopatikana. Mimi nauliza walioleta malalamiko. Kwa miezi mitatu, katika kata yetu, RB ngapi zilifunguliwa? Ngapi zilifika mahakamani? Majalada mangapi yalifungwa, na mwenye malalamiko aliambiwa? Wangapi walilala mahabusu zaidi ya saa 24 bila kufikishwa mahakamani? Dhamana ni bure, bango limebandikwa ukutani. Malalamiko mangapi yaliletwa na watu wanaosema walitozwa?

Usiniletee takwimu moja tu, Afande. Ukipimwa kwa idadi ya waliokamatwa, Ijumaa jioni vijana wanaokunywa kahawa kijiweni watazolewa kwa uzururaji na namba itapanda vizuri. Ukipimwa kwa uhalifu kupungua, kaunta itaanza kuwaambia watu “nendeni mkamalizane nyumbani”, na uhalifu utapungua kwenye karatasi. Ndiyo maana nataka zisomwe pamoja, mbele ya watu walioibiwa, ambao hawadanganyiki kirahisi kuhusu vitu vyao.

Ukishasoma, tuulize na sisi tunaogopa nini. Nadhani utashangaa. Hapa kwetu jambo la kwanza si bangi. Ni mapagale. Jiji linajengwa kwa kasi, kila mtaa una nyumba zilizoishia kwenye lenta, wenyewe wako mbali, na binti anayetoka kazini saa mbili usiku lazima apite katikati yake. La pili ni mita na nyaya. Ndugu zetu wa Hombolo pengine wangeanza na wizi wa mifugo. Ukiwa na orodha moja ya mkoa mzima, wote tunakosa.

Sikuombi baraza jipya wala bajeti. Kenya walitunga sheria mwaka 2011 wakaunda mamlaka huru ya kuwasimamia polisi. Kwetu hilo ni la Bunge, kama ilivyo kwa mengine yaliyomo katika ripoti ya haki jinai ambayo tume ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilimkabidhi Rais Julai 2023. Najua pia kwamba diwani hakuamrishi; amri yako inatoka kwa IGP, mkuu wa polisi wa nchi nzima. Lakini kuja kusoma daftari hakuhitaji kubadilisha sheria. Ibara ya 8 ya Katiba inasema Serikali itawajibika kwa wananchi, na wakaguzi kata, yaani polisi waliopangiwa kata, unao tayari. Wa kwetu ni kijana mzuri, amekuja mikutanoni mara mbili, ila kila alipokuja alitufundisha jinsi ya kutoa taarifa. Yeye mwenyewe hakuwa na taarifa ya kutupa.

Mkutano wetu ujao mwenyekiti ameuweka Jumapili, saa nne asubuhi, baada ya misa ya kwanza. Njoo, au tuma mtu mwenye takwimu hizo. Viti vya plastiki tutaazima kwa kina mama wa VICOBA. Yule muuza vitumbua atakuwa mstari wa mbele, na mimi nitakuja na kile kipande cha karatasi, kama namba bado itasomeka.

Mweka hazina,
Kamati ya ulinzi shirikishi ya mtaa, Dodoma