Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Maktaba Tunazozibeba

Ndugu wanachama,

Ya fedha mweka hazina ameshayaeleza, na wenye madeni ya ada nitawafuata mmoja mmoja pembeni. Muda wangu nautumia kwa jambo lililotutoa jasho mwaka huu: maktaba, yaani vipande vya msimbo vilivyoandikwa na watu wengine, tulizozifungasha ndani ya programu yetu huria ya mizani ya korosho.

Kwa wanachama wapya, niseme kwanza kwa nini tunazibeba. Maghala mengi tunayoyahudumia huko Tandahimba na Newala hayana intaneti ya kutegemea. Programu inafika kwa flashi, na lazima ifike na kila kitu chake. Ubaya wake ni kwamba kompyuta ya AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika cha wakulima, ikisasishwa, nakala iliyomo ndani ya programu yetu haiguswi. Tusipoipandisha sisi, hakuna wa kuipandisha.

Oktoba, minada imeshaanza, tukapandisha toleo la maktaba inayotengeneza risiti. Hapakuwa na hitilafu wala tundu la usalama. Toleo jipya lilikuwa limetoka, basi. Kipya kinyemi. Lilikuwa limebadilisha pambizo za ukurasa, na kwenye printa ndogo za maghalani safu ya kilo ikakatwa. Mkulima asiyeona kilo zake kwenye karatasi anakumbuka kangomba, ule ununuzi wa magendo wa kumpunja mkulima, papo hapo, na makarani wakatukanwa kwa kosa lisilo lao. Kesho yake tulirudisha toleo la zamani. Lawama ni yangu: niliidhinisha baada ya kujaribu kwa printa moja tu, tena ya hapa mjini.

Baada ya hapo baadhi yetu wakaapa kutogusa kitu tena. Nao walikosea. Tulipokagua tulikuta zlib, maktaba ya kubana data, toleo la 1.2.11 la Januari 2017. Toleo la 1.2.12, la Machi 2022, liliziba udhaifu unaoweza kuvuruga kumbukumbu ya programu wakati wa kubana data. Muda wote huo tulikuwa tumelala, na haukuwa uvivu mtupu. Mwenzetu mmoja aliwahi kuitia kiraka, yaani badiliko letu wenyewe ndani ya msimbo wake, ili ikubali kompyuta za zamani, asiandike popote, na kila aliyejaribu kuipandisha alikwama akaiacha. Kiraka tumekiondoa. Kuanzia sasa kiraka kisichoandikwa sababu yake hakipokelewi, na kinachofaa wengine tunawapelekea wenye maktaba ili tusikibebe peke yetu.

Wapo pia waliotaka tuchukue kila toleo siku linapotoka. Hao niliwakumbusha xz, programu nyingine ya kubana data. Matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1, ya mwanzoni mwa 2024, yalikuwa na mlango wa nyuma, njia ya siri ya kuingilia kompyuta, uliopandikizwa na mtu aliyekwisha kuaminiwa kuwa mtunzaji. Mtaalamu wa programu Andres Freund aliugundua baada ya kushangaa kwamba kuingia kwa SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta ukiwa mbali, kunachelewa kiasi cha nusu sekunde. Waliokuwa bado na 5.4 hawakuguswa.

Kamati imeamua hivi, na asiyekubali anipinge leo hii. Tundu la usalama linaloweza kufikiwa na data itokayo nje tunaliziba ndani ya wiki, hata iwe siku ya mnada, kwa toleo dogo lenye marekebisho hayo tu kama lipo. Matoleo makubwa, yale yanayotulazimisha kuandika upya msimbo wetu, yanasubiri Machi hadi Juni, na yanajaribiwa kwenye printa za maghalani. Toleo lisilotuletea tunachohitaji tunaliacha lipite. Isipokuwa moja: wenye maktaba wakitangaza kwamba toleo tulilonalo hawalihudumii tena, tunahama msimu ukiisha ingawa halijaharibika, maana tundu la kesho halitakuwa na wa kuliziba.

Haya yote yanataka macho ya watu, na mwaka huu macho yalikuwa mawili, ya katibu. Daftari la maktaba liko mezani karibu na chai. Kila mmoja aandike jina lake mbele ya moja atakayoifuatilia, kabla hajanywa.