Mbuzi wa Desemba na kocha wa ajira

Wajukuu zangu mliomaliza vyuo, hapa Moshi na huko Arusha,

Mnivumilie, nina hasira. Wiki jana jirani yangu hapa Rau kauza mbuzi aliyekuwa akimnenepesha kwa ajili ya Desemba, ili bintiye amlipe laki tatu kocha wa ajira, yaani mtu anayejitangaza kufundisha namna ya kutafuta kazi. Binti kaniletea alichopewa: wasifu wa kurasa mbili wenye rangirangi, na mazungumzo matatu ya simu. Ukurasa wa pili, kwenye wadhamini, kuna majina ya wadhamini wa mtu mwingine kabisa. Kocha kasahau kuyafuta!

Nilifanya kazi ofisi ya utumishi miaka 22, nikakaa kwenye meza za usaili hadi kiuno kikagoma. Siku moja waliingia vijana watatu, mmoja baada ya mwingine. Tukawauliza udhaifu wao. Wote watatu: "Huwa nafanya kazi kupita kiasi." Neno kwa neno, hadi kikohozi cha katikati. Wa tatu alipotoka, mwenyekiti alifunga faili akaagiza chai. Nafasi ya stoo aliichukua binti aliyekiri kwamba kompyuta inampa shida, kisha akatusimulia alivyohesabu marobota ya mitumba ya mjomba wake Kiborloni akagundua mawili hayapo, na jinsi alivyomjua aliyeyachukua. Hakuna kocha aliyemfundisha hayo.

Sisemi makocha wote ni matapeli. Mhasibu wa miaka kumi anayetaka kubadili kazi, mwenye mshahara wake, akipata mtu wa kumhoji kwa utulivu anaweza kuona faida. Lakini ukocha si kama udaktari au uwakili. Yeyote huamka asubuhi akajiita kocha. Lipo shirika la kimataifa, International Coaching Federation, linalotoa vyeti, na ngazi yake ya kwanza inadai angalau saa 100 za kufanya kazi hiyo na watu. Muulize wako anazo ngapi. Muulize yeye mwenyewe amewahi kuajiri nani. Akikuahidi kazi, nyanyuka uondoke.

Kuomba kazi kupitia Ajira Portal, ule mfumo wa mtandaoni wa kuomba kazi serikalini, ni bure. TaESA, huduma ya ajira ya serikali, nao hawamtozi mtafuta kazi. Majina ya cheti cha kuzaliwa na cha kidato cha nne yalingane. Vyeti vithibitishwe na mwanasheria mapema, si usiku wa mwisho.

Na sisi wazee tusijifiche. Waajiri tunadai uzoefu wa miaka mitatu kwa mtoto aliyetoka chuo jana. Aupate wapi, mbe? Wastaafu tunashinda tukisimulia enzi za KNCU, chama chetu cha ushirika wa kahawa, wala hatumwiti kijana mmoja tukamwonyesha barua ya maombi inavyoandikwa. Nami nimo. Yule binti wa jirani anapita mlangoni kwangu kila siku.

Jumamosi asubuhi nitakuwa kibarazani. Njooni na wasifu mlioandika wenyewe, hata kwa mkono. Leteni na kalamu nyekundu, yangu imekauka.

Babu yenu, Rau