Karatasi ya talaka haigawi nyumba

Mwanangu,

Asalaam aleykum. Huku Makorora hatujambo, mama yako anakusalimu na anauliza kama unakula. Ujumbe wako nimeusoma. Unasema mumeo ameshakupa karatasi ya talaka, na kwamba hutaki chake hata kijiko, unataka uchukue watoto uondoke basi. Hilo la kijiko ndilo lililonishikisha kalamu.

Kwanza, usitoke kwa hasira. Talaka ni moja, eda unakaa humo humo nyumbani na matumizi ni juu yake. Pili, karatasi ile ina kazi mbele ya dini tu. Nilipokuwa mzee wa baraza mahakama ya mwanzo walikuja wanawake wengi wameishika mkononi, wakidhani mambo yameisha. Mali ya ndoa inagawanywa na mahakama, kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, baada ya mahakama yenyewe kuivunja ndoa. Anzia baraza la usuluhishi, la BAKWATA au la kata. Wakishindwa kuwapatanisha watakupa hati, ndipo ufungue shauri. Ukiiruka hatua hiyo utarudishwa mlangoni.

Atasema nyumba ya Chanika kajenga yeye, kiwanja kina jina lake. Aseme. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, iliamua kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika kuchuma mali. Watu wakifika hapo hushangilia wakaishia hapo. Mimi huendelea: Bi Hawa mwenyewe hakupata alichodai, kwa kuwa mumewe alimpa mtaji wa biashara na mahakama ikaona ameutapanya. Kwa hiyo, mama, hesabu zako ziwe safi. Jumbe za simu za hela uliyomtumia fundi wa mabati usizifute. Daftari la kikoba lipige picha kila ukurasa, hasa ule ulioandikwa "mkopo, saruji" na marejesho yake chini, ule ulioulipa kwa maandazi. Risiti hata zikifubaa, zitunze.

Sasa hela. Dada yako kaninong'oneza kwamba unataka kupanga nyumba nzima Raskazone na kununua makochi, watu wasikucheke. Watakucheka tu. Tanga hii anayecheka hamlipii mtu kodi. Mwenye nyumba atataka ya miezi sita kwa mkupuo, nawe utakimbilia mikopo ya kausha damu, marejesho kila wiki, ukichelewa wanabeba friji na godoro mchana kweupe majirani wakitazama. Hicho ndicho kicheko chenyewe. Chumba cha uani kipo kitupu, mlango wake unatazama barabarani, na wavuvi wa Deep Sea wanataka chai na maandazi kabla jua halijapanda. Unga utauchukua sokoni Mgandini. Makochi yatakuja yakipenda.

Matunzo ya watoto omba mahakama iyaandike kwenye amri, na ayatume kwa simu, asikupe mkononi, ili siku akikana pawe na ushahidi. Hela hiyo usiichanganye na ya maandazi hata kidogo. Ya watoto ni ya ada na dawa. Mtaji ukihitaji kukua, ingia kikundi cha kina mama, muombe mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato yake ya ndani. Hauna riba. Una mizunguko mingi ofisini, lakini mizunguko haibebi godoro.

Mjomba wako keshaanza kutaja mchumba. Nimemwambia anyamaze.

Vyeti vya kuzaliwa vya watoto na cheti cha ndoa usivifungashe na vyombo, vitie mkobani. Siku ukija, ukifika Segera nipigie, nitakungoja stendi ya Kange.

Baba yako