Mwanangu, bikoni zimesimama wapi?

Mwanangu Tumaini,

Uliposema kwenye simu kwamba vitambuzi vya bwawa utakalolipima kule Australia, jirani na machimbo ya makaa ya mawe, vinatuma namba kila dakika 15 na kazi yako itakuwa kukaa na skrini, nilinyamaza. Sikunyamaza kwa kukubali. Ndege ni Jumanne, basi nakuandikia, maana ujumbe wa sauti najua husikilizi hadi mwisho.

Swali langu ni moja: bikoni za rejea, zile nguzo zisizotakiwa kusogea mnazopimia mwendo wa ukuta wa bwawa, zimesimama wapi?

Mabwawa ya kusini-magharibi mwa Sydney ni ya siku nyingi. Cataract lilikamilika 1907, mawe makubwa ya mchanga yaliyolazwa ndani ya zege. Cordeaux, Avon na Nepean yakafuata. Makaa ya mawe yako chini mamia ya mita. Mashine inakata ukuta mrefu wa makaa, na paa linaachwa liporomoke nyuma yake. Watakuonyesha pembe ya digrii 35 kutoka wima: kina kikiwa mita 400, kutitia kunahesabiwa kukoma mita 280 nje ya ukingo wa machimbo. Hiyo ni hesabu ya kwenda chini. Kwenda pembeni ni habari nyingine. Miamba ya kule imebanwa kwa ulalo, uchimbaji unailegeza, na vipimo vimeonyesha ardhi ikisogea milimita kadhaa hata zaidi ya kilomita moja kutoka machimboni. Mabonde nayo hujibana: kingo zinasogeleana, sakafu ya mto inainuka na kupasuka. Na bwawa hujengwa wapi kama si bondeni?

Sasa chukua bikoni iliyo mita 600 kutoka ukuta wa bwawa, kwenye mwamba mzuri, upande wa kushoto. Ikisogea pamoja na bega la kushoto la bwawa, pale ukuta unaposhikana na kingo ya bonde, skrini itaandika kushoto sifuri, kulia milimita 8. Utamtafuta mchawi kulia, naye yuko kushoto.

Kwa hiyo omba ramani ya machimbo, si ya mwaka huu tu, hata ya vitalu wanavyopanga kuchimba baadaye. Zitakiwe bikoni zisizopungua nne, baadhi zikiwa kilomita kadhaa nje ya ramani hiyo, zikiunganishwa kwa setilaiti na vituo vya mbali zaidi, vipimo vya saa nyingi, si vya dakika. Kila safari pimeni kwanza bikoni kwa bikoni, ndipo mguse prizimu za ukutani, vile vioo vinavyorudisha mwali wa kupimia umbali. Halijoto ya hewa ipimwe pale pale kivulini: kosa la digrii moja linakula karibu milimita moja kwa kila kilomita. Digrii 10 za uvivu ni milimita 10, na wewe unatafuta 3.

Hesabu unanishinda, hilo nimelikubali tangu ukiwa kidato cha tano, na nawaringia wenzangu wa kanisani. Ila subira huna. Ukuta wa zege unapumua kwa majira. Julai kule ni baridi, zege linasinyaa, jointi zinafunguka, Januari zinajifunga. Asiye na vipimo vya angalau miaka miwili kabla ya mashine kukaribia hawezi kutenganisha baridi na machimbo. Watakuambia miezi sita inatosha. Kataa, tena kwa maandishi.

Na shuka ndani ya ukuta, kwenye handaki la ukaguzi. Huko kuna timazi ndefu, waya na uzito wake, inayoonyesha ukuta umeinama kiasi gani. Kuna mifereji ya mvujo inayopita kwenye bamba lenye pengo la umbo la V. Kwa pengo la digrii 90, kina cha sentimita 5 ni kama lita 0.8 kwa sekunde. Sentimita 6 ni lita 1.2. Sentimita moja, na mvujo umeongezeka kwa nusu! Ndiyo maana mwani wa kijani ukiota pale mdomoni mwa pengo, maji yanapanda na kompyuta inapiga kelele bure. Beba brashi. Safisha, subiri maji yatulie, soma tena. Kisha kinga maji kwenye chupa nyeupe uyaangalie: mvujo mwingi ulio safi una mjadala, mchache uliogeuka tope hauna, huo ni hatari. Piezomita, vipima shinikizo la maji, zile zilizofungwa zisipate hewa ya nje, zisahihishwe kwa shinikizo la hewa. Hektopaskali 10 ni sawa na sentimita 10 za maji, na watu wamewahi kukimbizana kwa sababu ya dhoruba tu.

Nirudi kwenye bikoni, Tumaini: ardhi haitulii upesi. Pale Pennsylvania, Marekani, bwawa la bustani ya Ryerson lilipata nyufa 2005, ziwa likaachwa litoke maji. Mwaka 2010 jimbo likasema chanzo ni uchimbaji wa makaa jirani. 2013 ilikubaliwa fidia ya dola milioni 36, na 2015 ikatangazwa kuwa bwawa halitajengwa upya kwa sababu ardhi ilikuwa bado inasogea. Miaka kumi! Kwa hiyo mgodi ukifunga kitalu na kuondoka, msiache kupima.

Jambo jingine ulijue kabla ya kusaini mkataba. Kiwango cha hatari kikifikiwa saa nane usiku, nani anapigiwa, na huyo ana mamlaka ya kusimamisha mashine, au naye anampigia mwingine? Ukijibiwa kwamba kutakuwa na kikao asubuhi, hapo huna mpango wa dharura.

Baba yako anasema nimekuandikia kana kwamba huna shahada. Labda. Yeye mwenyewe ameshakununulia koti lisiloingia kwenye begi. Mahindi tumeuza mapema kuliko nilivyotaka, bei ikapanda wiki iliyofuata. Sehemu imelipa ada ya mdogo wako, iliyobaki ni bati za jiko. Shangazi yako wa Makambako analalamika hujamuaga. Mpigie leo, usimtumie ujumbe. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano iko kwenye bahasha ya kaki, droo ya chini, pamoja na nakala za vyeti.

Na ukifika, kabla hujaniambia chakula kikoje, niandikie bikoni ni ngapi na ziko umbali gani.

Mama yako