Msiikate albamu ya wakimbizi vipande vipande

Mhariri,

Nawaomba watayarishaji wa vipindi vya muziki katika redio zetu waache kuzikata albamu ndefu za roki kana kwamba ni nyimbo za dakika tatu. Mfano wangu ni F E A R, yaani hofu, albamu ya bendi ya Uingereza iitwayo Marillion, iliyotoka Septemba 23, 2016. Ni roki ya progresivu, ile ambayo kibao kimoja hupita katika sehemu kadhaa, kila moja na mwendo wake. Maudhui yake makuu ni hofu na pesa, na jinsi viwili hivyo vinavyoamua nani afunguliwe mlango na nani aachwe mpakani.

Mwaka uliotangulia, watu zaidi ya milioni moja walivuka bahari kuingia Ulaya. Nasi Wakenya, Mei 2016, tulisikia serikali yetu ikitangaza kuifunga kambi ya wakimbizi ya Dadaab, amri iliyokuja kubatilishwa na Mahakama Kuu Februari 2017. Kwa hiyo Mkenya hana haja ya kufafanuliwa mada hii. Aachiwe tu aisikie ilivyopangwa.

Na mpangilio ndio wenye hoja. Kibao cha kwanza, El Dorado, kina sehemu tano na huchukua dakika 16 na nusu hivi. Kinaanza kwa gitaa la taratibu katika bustani ya Kiingereza, jua la jioni limerefusha vivuli, na radi inakaribia. Sehemu ya pili ni ya dhahabu na roho zilizopotea kwa ajili yake. Ya tatu ndiyo inayotufikisha kwa watu waliosimama mpakani, na ya nne ndiyo yenye jina la hofu yenyewe. Mwimbaji Steve Hogarth amemtoa msikilizaji bustanini akamtembeza hadi penye ua wa mpakani. Ukirusha sehemu ya tatu peke yake utapata wimbo wa huruma tu, kwa sababu anayefaidika na ule ua ameshaachwa nje ya habari. Wapenzi wa rumba wanalijua kosa hili: ni sawa na kuukata wimbo wa Franco kabla sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea, haijaingia.

Najua kikwazo ni muda. Albamu nzima ni dakika 68, haiingii katika kipindi cha saa moja. Lakini inagawanyika vizuri kwa usiku tatu wa nusu saa. Usiku wa kwanza, El Dorado pamoja na Living in F E A R, ambao unazitaja kuta zilizojengwa na mataifa na kuziita upotevu wa muda. Jumla ni dakika 23. Wa pili, The Leavers na White Paper, dakika 26. Wa tatu, The New Kings, unaohusu matajiri wenye nguvu kuliko nchi, kisha kibao kifupi cha kufunga. Dakika 18 na ushei. Muda unaobaki mtangazaji aeleze maneno kwa Kiswahili, ila aeleze kabla ya muziki kuanza. Akizungumza huku gitaa lile la mwanzo likilia, ameiua bustani.

Mtangazaji ajihadhari pia na The Leavers, yaani wanaoondoka. Kwa kuwa albamu ilitoka miezi mitatu baada ya Waingereza kupiga kura ya kujitoa Umoja wa Ulaya, na sehemu moja inaitwa The Remainers, yaani wanaobaki, wengi hudhani ni wimbo wa kura ile. Sivyo. Ni habari ya wanamuziki wanaosafiri kila siku na jamaa wanaobaki nyumbani.

Fundi mitambo naye ana kazi yake. Kwenye diski vibao hivi sita vimekatwa nyimbo 17, nyingi zikiwa zimeungana bila pengo. Kompyuta ya studio ikiwekwa kufifiza wimbo mmoja ndani ya mwingine, kila kiungo kitasikika kama sauti zilizopandana au kuruka. Zima mpangilio huo. Punguzeni pia kile kifaa kinachobana sauti. Kikiachwa kama kilivyowekwa kwa muziki wa dansi, hukipandisha kimya cha mwanzo hadi kilingane na kishindo cha baadaye, na radi haitishi tena. Anayesikiliza kwa simu naye azime uchanganyaji wa mfuatano wa nyimbo (shuffle). Akipakua kwa kilobiti 160 kwa sekunde, albamu nzima itamla kama megabaiti 82, na kwa kilobiti 320 kama 163. Afadhali apakue mara moja kuliko kuitiririsha kila siku.

Limebaki tusi. Herufi za jina la albamu ni kifupi cha maneno makali, nayo yanaimbwa wazi mwanzoni mwa The New Kings. Msiyafunike kwa mlio. Yanaimbwa kwa sauti nyembamba na ya upole kama maombolezo, na mlio utamfanya msikilizaji adhani kuna mtu anafoka. Kanuni za utangazaji zinaruhusu maudhui ya watu wazima baada ya saa nne usiku. Usiku wa tatu wekeni saa nne na nusu.

Mpenzi wa roki,
Mombasa