Mwanangu, usitoke saa sita

Mwanangu,

Mpango wako wa kazi ya Sahara nimeusoma. Mchoro wa vinywele vya sisimizi wa fedha, yule wa jangwani anayeng'aa kama fedha, umetulia, nikamwonyesha kila aliyeingia sebuleni. Ila ratiba yako inasema utakuwa mchangani saa sita hadi saa tisa mchana. Hapo moyo wangu haukubali.

Yule sisimizi hutoka saa hizo kwa kuwa mijusi wanaomwinda wamejificha, na hutoka kwa dakika chache tu. Mwili wake hushindwa ukifika nyuzi 53 na ushei. Akizidiwa hupanda kijiti kupoa. Wewe utapanda wapi?

Halafu umeandika, “vinywele huakisi jua,” ukaweka nukta. Ni nusu ya jambo, na wewe unajua zaidi ya hapo. Kinywele kimoja kina pande tatu, na ulio bapa unaelekea mwilini. Mwanga ukiingia hugonga upande huo na kurudishwa nje. Hiyo ndiyo fedha unayoiona. Lakini mwili ulio na joto nao hutoa mionzi ya infraredi, ile ya joto isiyoonekana kwa macho, yenye mawimbi marefu, mapana kuliko kinywele chenyewe. Kwa mawimbi hayo, vinywele hufanya badiliko kutoka gamba kwenda hewani liwe la taratibu, kwa hiyo joto hutoka kirahisi zaidi kuelekea anga. Kazi zote mbili pamoja, utafiti wa 2015 ulionyesha, humpunguzia nyuzi 5 hadi 10. Eleza pia kwa nini tumbo lake chini halina vinywele: mchanga una moto kumzidi, na sehemu inayotoa mionzi vizuri huipokea vizuri vilevile.

Vipimo sasa. Usimwelekezee kipimajoto cha infraredi cha mkononi. Mdudu ni wa milimita chache, utasoma joto la mchanga. Tumia themokapo, kile kipimajoto cha nyaya mbili zilizounganishwa nchani, ya waya mwembamba kabisa, maana waya mnene hunyonya joto lenyewe unalolipima. Mpime sisimizi mfu yuleyule, kwanza akiwa na vinywele, kisha akiwa amenyolewa. Wembe ukikwaruza gamba, mtupe huyo uanze na mwingine: majimaji yakivuja hukauka na kumpoza, ukadhani umegundua kitu. Zuia upepo, kwa kuwa kwa mdudu mdogo hivyo upepo hufuta tofauti yote. Ukipima ndani chini ya taa, dari na kuta humrudishia mionzi, na kazi ya pili, ile ya kutoa joto, haitaonekana. Weka juu yake bamba jeusi lililopozwa lishike nafasi ya anga.

Unaona? Sehemu kubwa ya kazi hii ni ya mezani. Mchangani tega asubuhi, rudi kivulini, kusanya jua likishuka. Ukiwa lazima uwaone mchana, basi chini ya turubai, maji karibu, na mwenzako pembeni. Najua utasema nakufanya mtoto. Saa sita usitoke, mwanangu.

Mdogo wako ameshahamia kitandani kwako na hataki kusikia neno. Bomba la jikoni limetengenezwa. Ufunguo wa kabati la vitabu hauonekani. Angalia mfuko wa pembeni wa begi lako, na kama uko huko nitumie na yeyote anayekuja, maana karatasi za nyumba zimo humo.

Mama yako